Fremu gani ya baiskeli ya bei poa kwa kutembea na familia? Fundi anajibu

SWALI: Habari za kazi fundi. Baiskeli yangu ya mlima, ile ya springi mbele tu, imepata ufa kwenye fremu chini ya kiti pale mabomba yanapokutana. Ni ya alumini, tairi 26, breki za kubana rimu. Fundi wa mtaani anasema anachomelea inapona. Kuna jamaa ana fremu za mtumba, moja ya chuma na mbili za alumini, zote ziko chini ya laki mbili. Mi sishindani na mtu, wikendi natoka na mama watoto tunapita njia za vumbi za Rau mpaka msituni, binti mkubwa ana baiskeli yake na mdogo wa miaka mitatu namkalisha nyuma kwenye kiti chake. Nichomelee au ninunue? Na nikinunua niangalie nini?
Baba Neema, Moshi

JIBU: Baba Neema, usichomelee. Ingekuwa chuma ningekwambia mpe fundi mzuri aifanye, chuma kinakubali, lakini fremu nyingi za alumini zinapikwa kiwandani kwa joto maalum baada ya kuungwa ndo zinapata nguvu yake, sasa ukiipiga moto tena mtaani pembeni ya ule mshono panalegea, kwa macho utaona imeshika vizuri kabisa, utaendesha wee, halafu inaachia siku usiyoijua na nyuma una mtoto. Hiyo ipeleke kwa wanunua vyuma chakavu.

Kwenye kununua, wengi wakifika kwa muuzaji wanaanza kusoma stika. Stika inabandikwa popote, achana nayo. Anza na vifaa ulivyonavyo nyumbani kwa sababu fremu ya laki na nusu inaweza kukutoa laki tano ukigundua hakuna kinachokaa. Breki zako ni za rimu na tairi ni 26, kwa hiyo fremu lazima iwe na vile vijiti viwili vya kufungia breki nyuma na iwe ya 26 kweli, maana ya 29 vijiti vyake viko juu zaidi, raba za breki hazitaifikia rimu yako. Na kama fremu ina sehemu ya breki za diski peke yake, jua unanunua na ringi mpya. Halafu pima nafasi ya ekseli ya nyuma, ndani kwa ndani. Za zamani kama yako nyingi ni milimita 135, za sasa nyingi ni 148 na ekseli nene ya kupenyeza, ringi yako haiingii hapo hata ubembeleze.

Mlingoti wa kiti uchomoe uusome, kwa chini huwa umegongwa namba: 27.2, 30.9, 31.6 na kadhalika. Mlingoti mwembamba kwenye tundu kubwa unawekewa bushi ya alumini na kazi inaisha, ila bushi ya kweli, sio kipande cha kopo la soda. Mnene kwenye tundu dogo haiwezekani. Shingo, lile bomba fupi la mbele linalopitisha uma, nayo ni hivyohivyo, uma wako wa zamani (ule unaoshika ringi ya mbele) yaelekea una bomba lililonyooka la milimita 28.6, linaweza kukaa hata kwenye fremu ya shingo iliyopanuka chini ukipata kikombe cha kupunguzia, lakini angalia urefu! Kama shingo ya fremu mpya ni ndefu kuliko ya kwanza, bomba la uma halitatokeza juu vya kutosha kushika usukani, na hapo hakuna dawa zaidi ya kununua uma mwingine. Na usije ukashawishika kuweka uma mrefu zaidi ya ule fremu ilioundiwa, kama springi yake inacheza milimita 100 baki na 100, ukizidisha mbele inanyanyuka na mzigo wote unaelemea shingo.

Ukishapata inayokubali vifaa vyako ndo uikague, na hapa usiwe na haraka hata muuzaji akikuangalia vibaya. Omba kitambaa na mafuta ya taa kidogo, ifute tope lote, kisha ipeleke juani. Geuza uangalie chini ya lile bomba kubwa la chini, vidole vinne hivi nyuma ya shingo. Kama rangi imekunjamana, au ukipitisha kidole unahisi kituta, hiyo iligonga kitu uso kwa uso, iache hapohapo. Kisha fuata kila mshono na kucha ya kidole gumba. Mkwaruzo wa rangi kucha inateleza juu yake, ufa kucha inanasa, na mara nyingi utaona kamstari keusi ka uchafu ulioingia ndani. Pa kuangalia zaidi ni hapohapo pa kwako palipopasuka, chini ya kiti, halafu kwenye ekseli ya pedali na karibu na ringi ya nyuma.

Baada ya hapo chukua uzi. Funga upande mmoja pale ekseli ya nyuma inapokaa, uzungushe mbele ya shingo, urudi nao upande wa pili uvute ukaze. Sasa pima umbali kutoka uzi mpaka bomba la kiti, kushoto na kulia. Zikilingana fremu imenyooka. Zikipishana milimita moja mbili sio mbaya, zikipishana tano imepinda, na baiskeli iliyopinda itakuvuta upande mmoja siku nzima.

Usisahau kile kisikio kinachobeba mkono wa gia. Kwenye alumini kiwe cha kufunga kwa bolti, na muuzaji akupe hichohicho, maana maumbo yake ni mengi mno na kukipata kinachofanana ni kazi. Namba ya fremu huwa chini ya ekseli ya pedali, ikiwa imesagwa usinunue, hiyo ina mwenyewe anaitafuta.

Kati ya hizo tatu, mimi kama ile ya chuma haina kutu inayokula na inakukaa, ningechukua ya chuma. Itakuwa nzito kidogo lakini kwa mwendo wenu wa Rau kilo moja huisikii, na ikileta shida inachomeleka. Hakikisha tu ina matundu ya kufungia keria na madigadi, na ukiweka tairi kidole kipite kila upande, la sivyo masika tope litaziba mpaka ringi igome.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina sentimita 158, navaa dera, na nataka kumbeba mwanangu kwenye kiti cha nyuma. Naambiwa fremu zote sawa nishushe kiti tu. Ni kweli?
Mama Ilham, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli. Ukiwa na kiti cha mtoto nyuma huwezi kupanda kwa kuzungusha mguu, lazima uupitishe katikati, kwa hiyo bomba la juu liwe limeinama sana. Tafuta fremu ya inchi 14 au 15, isimame katikati ya miguu yako, nyayo zote zimekanyaga chini, na ibaki nafasi ya vidole vitatu hivi juu ya bomba. Soma kiti cha mtoto, vingi vya nyuma mwisho ni kilo 22, na vingi vinataka bomba la kiti liwe la mviringo, lile bapa kibano hakishiki. Kama siti yako ina springi chini, zifunike, vidole vya mtoto huwa vinaenda hapo. Na miguu yake iwe na kinga pembeni, nimeona visigino vilivyoingia kwenye spoku, ni jeraha baya sana. Kwa huko pwani paka grisi mlingoti wa kiti kila baada ya miezi michache, chumvi ikiugandisha hautoki tena.

SWALI: Nimepata fremu ya kaboni iliyotumika, bei nzuri. Naitaka kwa msitu wa Karura na mtoto nyuma.
Msomaji, Nairobi

JIBU: Hapana ndugu. Kibano cha kiti cha mtoto kinaminya kaboni, na watengenezaji wengi wa viti hivyo wanakataza kabisa. Tena kaboni ikigongwa inaweza kupasuka ndani huku nje inang'aa, kucha na kitambaa havitakusaidia. Chukua alumini iliyonyooka, chenji itakayobaki nunua helmeti ya mtoto, ikae vidole viwili juu ya nyusi na mkanda usilegee chini ya kidevu.