Mfumo Ukikutolea Farasi Watatu katika Mbio Moja

Msomaji wa Urambo ameniandikia akitaka nimchagulie farasi. Mfumo wake, yaani kanuni zake za kuchagua, huchuja na kubakiza farasi walioshinda mara ya mwisho katika umbali uleule na wanaokimbia tena ndani ya siku 28, na safari hii umemtolea watatu katika mbio moja ya Kempton, Uingereza, wenye odi (namba ambayo dau huzidishwa nayo farasi akishinda) za 3, 6 na 6, huku dau lake likiwa shilingi 12,000. Sitamchagulia, kwa sababu anayechagua kwa moyo baada ya mfumo kusema ameshauacha mfumo wenyewe.

Jumamosi iliyopita, hapa Tabora mjini, mfumo wangu ulinipa farasi wawili wa mbio moja, mmoja wa odi 4 na mwingine wa odi 6. Niligawa dau la 10,000: 6,000 kwa wa kwanza na 4,000 kwa wa pili, ili yeyote atakayeshinda anilipe 24,000. Fundi mmoja ninayemheshimu sana aliuliza mbele ya watu kama mzee sasa anabeti dhidi yake mwenyewe, na kibanda kizima cha kubetia kikacheka. Alishinda yule wa odi 6, ambaye hakuna aliyekuwa amemtaja. Hakuna aliyenipongeza pia, na sitajifanya kwamba halikuniuma.

Ndugu yangu wa Urambo akiweka 4,000 kwa kila farasi, yule wa odi 3 akishinda atarudishiwa 12,000 zake tu. Akigawa kufuata odi, yaani 6,000, 3,000 na 3,000, atalipwa 18,000 kwa mshindi yeyote kati ya hao. Hapo ndipo wengi hufurahi mapema, kwa maana hiyo ni sawa na kununua odi ya 1.5: ili apate faida ya kudumu, mmoja wa watatu hao lazima ashinde zaidi ya mara mbili katika kila mbio tatu za namna hiyo. Kumchukua wa odi 3 peke yake kwa kuwa anatuliza roho nako si mfumo, ni kufuata kipenzi cha umati.

Kanuni ya kuchagua huandikwa kabla, vijana, si dirishani pa kubetia. Fungueni safu mbili katika daftari, moja ya mbio zilizotoa farasi mmoja na nyingine ya zilizotoa wengi, kisha mpige hesabu ya kila safu kwa matokeo ya zamani. Safu ya pili ikila fedha, kaza kichujio, hasa katika mbio ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili wote walingane. (Farasi wa kompyuta, wale wa mbio za kuigizwa kwenye skrini, wasiingizwe humo, matokeo yao hutokana na namba za kubahatisha, hawana historia ya kuchuja.) Kwa mbio hii ya Kempton, kama daftari lake halina safu ya pili, aiache.