Muulize Fundi: Hii kijani ya babu ilikuwa kijani gani?

Swali: Shikamoo fundi. Nimeachiwa baiskeli ya marehemu babu, Raleigh ya kijani, habu ya nyuma (kile kitovu cha gurudumu) ni ya kampuni ya Sturmey-Archer na imegongwa 62 halafu 5. Nataka irudi kama ilivyotoka kiwandani. Nikafungua madigadi ya nyuma nikaenda nayo kwa muuza rangi, jamaa akaiangalia kwa macho tu akanichanganyia, na pale dukani chini ya taa zilifanana kabisa yaani huwezi kutenganisha. Nimefika home nikapaka madigadi ya mbele, nikaziweka zote mbili juani, loh! Moja kijani, nyingine kama maji ya bwawa. Nimekosea wapi? (Mjukuu wa Babu)

Jibu: Marahaba mjukuu. Umekosea mara mbili, la kwanza dogo la pili kubwa.

Dogo ni ile taa. Rangi mbili zikichanganywa kwa pigmenti tofauti zinaweza kulingana vizuri tu chini ya taa moja, ukizitoa nje kila moja inashika njia yake. Ndo maana mimi rangi sikubali mpaka niione kivulini mchana, halafu juani, halafu usiku chini ya taa ya sebuleni. Ikipita zote tatu nanunua.

Kubwa ni kwamba sampuli yenyewe uliyopeleka ilikuwa inakudanganya. Madigadi imepigwa jua miaka zaidi ya 60, rangi yenyewe imepauka, na ile vanishi ya juu ikizeeka inageuka manjano, kwahiyo bluu inaanza kuonekana kama kijani, nyeupe inakuwa krimu, na kijani yako sasa ina umanjano ambao kiwandani haukuwepo. Muuza rangi wala hakukosea sana, alikuchanganyia kijani na jua lake na uzee wake, sema macho yake na taa yake vikamalizia kuharibu.

Rangi ya kweli imejificha, itafute. Fungua kibao cha nembo pale mbele, angalia chini yake. Angalia chini ya klempu ya siti, chini ya vibano vya waya za breki, chini ya klipu za chengadi (ile kinga ya mnyororo), na hasa kule chini kabisa ya fremu panapozungukia ekseli ya pedeli, kule ambako grisi na vumbi vimegandiana tangu enzi za babu. Ile grisi usiilaani, ndo iliyokutunzia rangi. Kuna moja nilikuwa nayo mwenyewe, fremu nzima ilikuwa kahawia ya kuchosha na nilishaamua ni kahawia, nikachukua kitambaa na mafuta ya taa kidogo nikawa nasugua kule chini taratibu, ikatokea alama ndogo kama ukucha wa kidole gumba, nyekundu iliyokolea, inang'aa, kama imepakwa jana. Nilikaa chini nikaiangalia tu. Nilikuwa nimebakiza siku moja kununua rangi ya kahawia!

Ukiipata hiyo sehemu chukua msasa laini wa 2000, ulowanishe, sugua duara dogo tu kiasi cha kitufe cha shati. Zitatokea duara ndani ya duara, chuma katikati, praima (rangi ya kwanza ya kushikia), rangi, vanishi nje. Ukiona rangi mbili tofauti humo ujue kuna mtu aliwahi kuipiga rangi upya kabla yako, na ya asili ni ile iliyokalia praima. Praima nayo iangalie ni ya kijivu, nyeupe au nyekundu ya kutu, maana rangi hiyo hiyo moja ukiipiga juu ya praima tofauti, hasa ikiwa nyepesi, inatoka tofauti.

Hiyo 62 na 5 kwenye habu ni mwaka na mwezi, yaani Mei 1962. Habu inaweza kuwa ilibadilishwa lakini inakupa pa kuanzia kutafuta katalogi ya miaka hiyo. Ila katalogi nakuomba uitumie kupata JINA la rangi, sio rangi yenyewe, ule ni wino kwenye karatasi na karatasi nayo imezeeka. Picha ya simu ndo kabisa usiniletee, simu inajirekebishia rangi inavyotaka. Na hata jina lina mitego, waulize wenye baiskeli za Bianchi: rangi yao wote wanasema ni celeste, lakini celeste ya miaka tofauti imekuwa ikihama, mara inavuta kwenye kijani mara kwenye bluu, kwahiyo kusema tu "nipe celeste" bado hujasema kitu.

Sasa nenda kwa wachanganya rangi za magari wenye ile mashine ya kusoma rangi. Mashine inataka mahali palipolala bapa, bomba la fremu ni la mviringo na mwanga unaikimbia, kwahiyo peleka chengadi, upande wake wa ndani ambao haukuona jua, uoshe na upige polishi kwanza. Inachokupa ni fomula ya kuanzia tu, usichukue lita nzima. Chukua kidogo, puliza kwenye kipande cha bati chenye praima ileile (puliza, usipake kwa brashi), acha ikauke kabisa kwasababu rangi mbichi na kavu sio moja, halafu lisogeze bati kwenye kile kiduara chako. Inavuta manjano? Rudi wapunguze. Mimi huwa narudi mara mbili tatu na sioni aibu.

La mwisho kwako. Kama unapiga fremu nzima, fuata rangi iliyofichwa. Kama unaziba mikwaruzo tu, fuata rangi iliyopauka, ile ya nje, la sivyo kila kiraka kitaonekana kama plasta kwenye kidonda. Watu wengi wanachanganya hayo mawili halafu wanamlaumu muuza rangi. Na mimi ningekuwa na baiskeli ya babu iliyobakiwa na nusu ya rangi yake ningeziba tu mikwaruzo nikaiacha, lakini baiskeli ni yako.

Swali: Fundi mambo. Yangu ni nyekundu lakini sio nyekundu ya kawaida, inang'aa kutokea ndani kama pipi. Mashine imesoma mara tatu, kila mara inatoka nyekundu iliyokufa. Tatizo mashine? (Dada wa Spoku)

Jibu: Poa dada. Mashine haina kosa, hiyo sio rangi moja. Waingereza waliiita flamboyant, Wamarekani wa Schwinn walikuwa na zao kama Radiant Coppertone, na siri ni hii: chini kuna rangi ya fedha inayong'aa, juu yake rangi ya kupitisha mwanga kama kioo cha rangi. Mwanga unaingia, unagonga fedha, unarudi. Hakuna fomula ya kopo moja itakayokupa hicho kitu.

Unachotafuta wewe ni idadi ya mikono, yaani mara ngapi rangi ya juu imepigwa. Piga fedha kwenye bati refu, halafu rangi ya juu mkono mmoja bati zima, ziba robo kwa karatasi, mkono wa pili, ziba tena, mpaka minne. Utapata ngazi nne kutoka nyekundu ya waridi mpaka ya damu ya mzee, linganisha na pale chini ya nembo uchague ngazi yako. Kwenye fremu sasa umbali wa kupuliza uwe uleule na mwendo wa mkono uleule, ukikawia sehemu moja inakoleza na hairudi. Kuziba mkwaruzo kwenye rangi hii sikushauri, kila utakapopishanisha patabaki na ukingo mweusi.

Swali: Kwani nisipeleke tu kwenye rangi ya unga ya tanuri nimalize kazi?

Jibu: Ni ngumu na inadumu, sikatai. Ila ni nene, inafukia kingo za maungio na hata namba ya fremu, na unachagua kwenye kadi ya rangi zilizopo, mara nyingi RAL, ule mfumo wa Wajerumani wa kuzipa rangi namba, iliyoanza 1927 na rangi 40 na sasa ile ya kawaida inapita 200. Kama baiskeli yako ni nyeusi tii RAL 9005 itakutosha. Kama ni ile kijani ya mjukuu hapo juu, kila la kheri.

Swali: Nishaanza kukwangua na msasa mkavu, vumbi kila mahali, nitumie barakoa gani?

Jibu: Simama kwanza! Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ni sumu, vumbi lake usilivute na watoto wasilisogelee. Kwangua kwa msasa wa maji, futa kwa kitambaa kibichi, usifagie. Na ukifika kwenye vanishi ya mchanganyiko wa kopo mbili, ile yenye hadina (kopo la kuigandisha), ina isosayaneti, kemikali ya hatari kwa mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu, mwachie mwenye chumba cha kupulizia na barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Halafu, kabla hujaendelea kukwangua, ile mistari ya dhahabu kwenye fremu umeshaipima? Weka karatasi ya kupitisha mwanga juu yake uichore sasa hivi, upana wake na umbali kutoka kwenye maungio, na upige picha ukiwa umeweka rula pembeni.