Ukienda Saanane, nenda kwa siku nzima

Wageni wanaopita Mwanza huniuliza kama inafaa kwenda kisiwa cha Saanane, nami huwauliza kwanza wana muda gani. Mwenye saa mbili za kusubiri basi la jioni namshauri akae Capri Point ale sato wake kwa utulivu. Saanane inataka siku nzima. Huenda likakushangaza hilo, maana hii ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Tanzania: kilomita za mraba 2.18, na sehemu kubwa ya hizo ni maji. Mwenye haraka huizunguka upesi akarudi akisema hakuona kitu. Ni kweli hakuona. Viumbe wengi wa pale ni wadogo, wanajificha kwenye nyufa za mawe, na hutoka wanapohakikisha kwamba umetulia.

Kwa hiyo wahi. Boti huondokea Capri Point, karibu na katikati ya jiji, na kuvuka ni dakika chache tu. Asubuhi ziwa mara nyingi huwa shwari. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani, na mawimbi ya mchana si yale ya saa mbili asubuhi. Jaketi okozi livae na ulifunge vifungo vyote, hata kama ng'ambo unaiona kwa macho. Usisahau kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia na cha mgeni havilingani.

Sababu kubwa ya kuwahi, kwangu mimi, ni pimbi. Mnyama huyu hawezi kudhibiti joto la mwili wake vizuri kama wanyama wengine, kwa hiyo huanza siku kwa kuota jua juu ya mwamba, familia nzima imebanana. Tafuta jiwe lenye michirizi myeupe. Watu hupita wakidhani ni chokaa imemwagika, kumbe ni mkojo wa pimbi uliokauka. Wana desturi ya kwenda haja mahali pamoja, mwaka hadi mwaka. Kaa mbali kidogo, usinyooshe kidole, usizungumze. Kwanza atatoka mmoja na kukutazama, kisha wengine watafuata. Ukiwa na watoto, waambie kwamba ndugu wa karibu wa mnyama huyo mdogo, kwa nasaba, ni tembo, halafu uwaache waangalie miguu yake wenyewe.

Kwenye miamba hiyohiyo mwangalie mjusi kafiri. Dume ana kichwa na mabega ya rangi nyekundu inayoelekea zambarau, na mwili wa buluu. Wataalamu wanamwita Agama mwanzae, kwa heshima ya mji wetu, na bado wenyeji wengi wa Mwanza humpita bila kumtupia jicho. Akiinua na kushusha kifua chake juu ya jiwe, anawaambia madume wengine kwamba eneo hilo lina mwenyewe. Nimewahi kukaa mbele ya jiwe moja nikimtazama hadi kivuli kikahama, na sikuuona muda huo kuwa umepotea hata kidogo.

Viatu ni jambo la kufikiria kabla hujatoka nyumbani. Kisiwa ni mwamba wa matale mtupu, mawe makubwa yaliyopandana, na njia inapanda na kushuka katikati yake. Kandambili hazifai. Vaa viatu vyenye soli ya kushika, na mvua ikiwa imenyesha ongeza uangalifu maradufu. Kule juu kuna jiwe ambalo wageni hupenda kurukia wapigwe picha, na kutoka hapo unaliona jiji lote limepanda vilima vyake. Ruka ukipenda, lakini mwache askari wa hifadhi akuonyeshe pa kukanyaga. Mwombe pia atembee nawe taratibu. Wengi wao wanajua tumbili wanapopumzikia mchana na swala pala wanapopenda kula, ila huwezi kujua hayo usipouliza.

Majini usiingie. Mamba wapo, na hata pasipo na mamba, ukingo wa Ziwa Victoria una kichocho. Tumbili usiwape chakula, hata ganda la ndizi. Tumbili aliyezoea kulishwa hunyang'anya, hung'ata, na mwisho wake anayeumia ni yeye.

Na tafadhali, acha spika nyumbani. Hili nalisema kwa uchungu. Kisiwa hiki kina jina la Mzee Saanane Chawandi, mvuvi na mkulima aliyekimiliki kabla serikali haijakichukua mwaka 1964 kuanzisha bustani ya wanyama. Kikawa pori la akiba mwaka 1991, na hifadhi ya taifa mwaka 2013. Kwa miaka yote hiyo jiji limekuwa likikua pembeni yake, na leo ni mojawapo ya sehemu chache Mwanza ambapo unaweza kumsikia furukombe akilia bila honi kumkatiza. Atakayetaka muziki ana jiji zima la kuupigia.

Mchana jua likiwa kali, pumzika chini ya mkuyu na ule chakula ulichobeba. Maji beba mengi kuliko unavyodhani utahitaji, kwa kuwa mwamba hurudisha joto usoni. Kofia pia. Kisha saa za alasiri shuka ukingoni, ukae mbali na maji, uangalie ndege: mnandi wakianika mabawa, mdiria akisimama hewani kabla ya kutumbukia. Siku zinazokaribia mwezi mwandamo unaweza kuona ziwani mawingu ya wadudu wadogo yakiinuka kama moshi. Si moto, na hawaumi. Funga mdomo tu wakikupitia.

Saa ya boti ya mwisho iulize asubuhi unapovuka, uiandike, na takataka zako zote ziwe tayari ndani ya mfuko nusu saa kabla yake.