Maswali ya Wasomaji: Hati Safi, Fedha Mbichi na Mkaguzi wa Ndani

SWALI: Ndugu Mhariri, halmashauri ya wilaya yetu hupata hati safi kila mwaka, na madiwani hupongezana. Lakini zahanati ambayo sisi wananchi tuliichangia mchanga, mawe na nguvu zetu imeishia kwenye lenta, haina paa, na tukiuliza tunaambiwa fedha zilishatoka na zilishatumika. Sasa hati safi hiyo inathibitisha nini? (Msomaji, Nyanda za Juu Kusini)

JIBU: Hati ya ukaguzi hujibu swali moja tu: je, hesabu zilizoandaliwa na halmashauri zinaonyesha kwa ukweli hali yake ya fedha kwa mwaka ulioishia tarehe 30 Juni? Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye mamlaka yake yanatokana na Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania na Sheria ya Ukaguzi wa Umma, akiridhika hutoa hati inayoridhisha, ambayo tumezoea kuiita hati safi. Asiporidhika hutoa hati yenye shaka au hati isiyoridhisha, na akikosa nyaraka za kutosha hutamka kwamba hawezi kutoa maoni. Kwa hiyo, ikiwa malipo ya zahanati yenu yaliingizwa vitabuni ipasavyo, na vocha zake zina viambatanisho, hesabu zinaweza kuwa sahihi huku wagonjwa wakiendelea kutembea kwenda kituo cha kata jirani.

Ndiyo sababu ninawasihi wasomaji wasiishie kwenye hati, bali wasome taarifa yenyewe, ambayo huwa wazi kwa umma baada ya kuwasilishwa Bungeni. Humo ndimo zilimo hoja za ukaguzi, yaani dosari ambazo mkaguzi ameziona na anataka zijibiwe, na anayezifuatilia mwaka hadi mwaka ataona kwamba zinafanana kwa namna inayohuzunisha: makusanyo ambayo hayakupelekwa benki, masurufu (fedha ambazo mtumishi hupewa mapema kwa safari au shughuli ya kikazi) ambayo hayajarejeshwa, malipo yenye nyaraka pungufu, na miradi iliyolipiwa lakini haijakamilika.

Hoja ya makusanyo inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndipo mlango unapoachwa wazi. Mkusanya ushuru wa mazao, wa mnada au wa stendi hupewa mashine ya POS, ile ndogo ya kielektroniki ya kutolea stakabadhi, na kila stakabadhi anayoitoa huonekana kwenye mfumo wa mapato. Anatakiwa kupeleka benki fedha zote alizokusanya, kabla hata shilingi moja haijatumika. Kinachotokea mahali pengi ni kwamba mashine hukaa nje ya mtandao kwa siku nyingi, miamala hufutwa au kurekebishwa bila kibali, na fedha hutumika zikiwa bado mkononi, jambo ambalo watumishi wenyewe huliita kutumia fedha mbichi. Mara nyingine hutumika kwa shughuli halali kabisa, kama mafuta ya gari la wagonjwa, na hapo ndipo wengi huona hakuna kosa. Mimi naona kosa ni kubwa, kwa sababu fedha ambayo haikupita benki haiwezi kulinganishwa na kitu chochote, na anayeitumia kwa mafuta leo hana cha kumzuia kesho.

Dawa yake inajulikana, nayo ni kutenganisha majukumu: anayekusanya asiwe anayetunza vitabu, anayeidhinisha malipo asiwe anayeyaandaa, na usuluhishi wa kibenki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, ufanywe kila mwezi na mtu ambaye hakugusa fedha hizo. Kanuni hiyo ndiyo inayofanya ujenzi wa miundombinu ya kijamii kwa kutumia mafundi wa kawaida uwe na kamati tatu, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Ulizeni ni nani walikuwa katika kamati ya mapokezi ya zahanati yenu, na kama walihesabu bati na saruji kwa macho yao kabla ya kusaini. Mara nyingi majina ya kamati zote tatu huwa yale yale, au mapokezi husaini karatasi baada ya fundi kulipwa.

Jambo jingine la kuzingatia ni muda. Mwaka wa fedha unaisha Juni, na taarifa ya Mkaguzi Mkuu humfikia Rais mwishoni mwa Machi. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huanza kuwahoji wakurugenzi baada ya hapo, wakati ambapo mweka hazina aliyehusika huenda amekwisha kuhamishiwa mkoa mwingine. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mfano unaouma. Hoja za vikundi hewa na marejesho yasiyolipwa zilijirudia hadi Serikali ikasitisha utoaji wake mwezi Aprili 2023, na vikundi vilivyokuwa vikirejesha kwa uaminifu vikasubiri pamoja na waliokula.

SWALI: Mimi ni mtumishi wa halmashauri. Mkaguzi wetu wa ndani yuko chini ya mkurugenzi. Atamkaguaje bosi wake? (Mtumishi, Kanda ya Ziwa)

JIBU: Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inailazimu halmashauri kuwa na mkaguzi wa ndani, na tangu kuanzishwa kwa ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali wakaguzi hao wamepata mahali pa kuegemea nje ya wilaya. Hata hivyo wasiwasi wako ni wa kweli. Mkurugenzi ndiye afisa masuuli, yaani anayewajibika kwa fedha zote za halmashauri, na ndiye anayeidhinisha gari, mafuta na posho ya mkaguzi anayetaka kwenda kukagua shule iliyo mbali na makao makuu. Mkaguzi hazuiwi kwa barua. Anazuiwa kwa kukosa mafuta. Ninaamini bajeti ya kitengo hicho inapaswa kutoka moja kwa moja nje ya halmashauri. Mpaka hilo litakapofanyika, madiwani wa Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango wadai kuisoma taarifa ya ukaguzi wa ndani ya kila robo mwaka yote kamili, wasikubali muhtasari uliopikwa na menejimenti.

SWALI: Mtendaji wa kijiji chetu hajasoma mapato na matumizi tangu mwaka jana. Tufanye nini? (Mkulima, Morogoro)

JIBU: Mkutano mkuu wa kijiji, ambao wajumbe wake ni wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Mwandikieni mwenyekiti wa kijiji barua yenye majina na saini za wakazi mkitaka mkutano uitishwe, na nakala yake mpelekeeni mtendaji wa kata na mkurugenzi, ambaye ndiye mwajiri wa mtendaji wenu. Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Siku ya mkutano, ombeni kuona kitabu cha stakabadhi na taarifa ya benki vikiwa pamoja, kwa kuwa taarifa ya kusomwa kwa mdomo haiwezi kulinganishwa na chochote. Mkiona dalili za wizi, pelekeni nakala hizo TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wilayani, na muhtasari wa mkutano uwe umeambatanishwa.