"Hasi na hasi" si chanya

Mzazi mmoja wa Goma anauliza kama ni sahihi kumwambia mtoto kwamba "hasi na hasi ni chanya", kama anavyowasikia wanaofundisha masomo ya jioni, na kama sifuri nayo ni namba chanya.

Swali la kwanza limenigusa panapouma, kwa maana msemo huo umeharibu madaftari mengi. "Na" inaposimama peke yake kati ya namba mbili hujumlisha: kumi na mbili ni kumi ukiongeza mbili, wala hakuna mtoto anayedhani ni ishirini. Kwa hiyo anayetamka "hasi na hasi" amekwisha kujumlisha, apende asipende, na mwanafunzi mtiifu ataandika kuwa −3 na −4 ni 7. Mpelekeni sokoni msemaji huyo. Mama muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anayedaiwa faranga 3,000 na mvuvi, tena 4,000 na jirani, kwa hesabu hiyo atalala ana akiba ya 7,000! Hakuna mdai atakayekubali upuuzi huo, si Goma wala Bukavu, kwa sababu madeni mawili yakikutana huzaa deni kubwa zaidi, yaani −7,000.

Kinacholeta chanya ni kuzidisha, na neno la kuzidisha tunalo: "mara". Anza na 3 mara −4, ambayo ni −12, kisha shuka: 2 mara −4 ni −8, 1 mara −4 ni −4, 0 mara −4 ni 0. Kila hatua jibu limepanda kwa 4, basi −1 mara −4 lazima iwe 4, la sivyo mpangilio wote unavunjika. Kifaransa cha shuleni hakikosei hapa, kwani "moins par moins", yaani hasi mara hasi, hutaja kuzidisha waziwazi. Ni sisi tulioidondosha "par" njiani na kuokota "na". Semeni "hasi mara hasi ni chanya". Ile nyingine siivumilii hata kwa mtoto.

Kuhusu sifuri, neno lenye asili ya Kiarabu, *sifr*, yaani tupu: katika Kiswahili cha hesabu si chanya wala si hasi, ingawa ni namba kamili kama wenzake. Vitabu vya Ufaransa huihesabu pande zote mbili, na vikitaka kuitenga huongeza "strictement", yaani "kabisa". Mtoto anayefanya mtihani kwa Kifaransa afuate kanuni hiyo, ila akieleza kwa Kiswahili aiache sifuri katikati.