C moja kwenye somo la hiari haikufungii chuo

Umeuliza kama C ya somo la hiari, huku mengine yote una A, itakuharibia maombi ya vyuo vya Marekani. Haiharibu kitu cha maana. Piga hesabu, ukichukua A kuwa pointi 4 na C pointi 2: A 24 na C moja ni (24×4 + 2) ÷ 25, yaani wastani wa 3.92. Tena vyuo vingi hukokotoa upya wastani kwa masomo ya msingi tu.

Chuo Kikuu cha California ndicho cha kusoma masharti yake kwa makini. Kinadai mwaka mmoja wa somo la hiari la kujiandaa na chuo, na ni lazima upate angalau C. Wenye D warudie somo hilo mapema.

Usiandike insha ya kujitetea. Utawaonyesha wanaosoma maombi kitu ambacho huenda wangekipita. Kama uliugua au ulifiwa, sentensi mbili kwenye sehemu ya maelezo ya ziada ya fomu ya maombi zatosha. Kuporomoka mwaka wa mwisho ndiko hatari zaidi: shule hutuma alama za mwisho baada ya kuhitimu, na chuo kinaweza kufuta nafasi kiliyokwisha kukupa.