Aloyce, anayevuma vitani

Wiki hii mmeuliza jina lako lina maana gani na lilitoka wapi, basi na mimi nijibu manake hili nimekaa nalo siku nyingi. Mi naitwa Aloyce. Cheti cha ubatizo kinasema Aloysius, cha shule Aloyce, na kuna ofisi waliniandika Aloice, ikabidi niende kwa wakili kuapa kwamba hao wote watatu ni mimi, na hapo ndo nikaanza kulichimba.

Kumbe asili yake ni lugha ya Wafranka, watu wa jamii za Kijerumani za zamani. Hlud ni kusikika, kusifika, na wig ni vita. Ukiyaunga unampata Chlodwig, yule mfalme wao aliyefariki 511 ambaye wengi wanamjua kama Clovis, na humo humo wametoka Ludwig wa Wajerumani, Luigi wa Waitaliano na akina Louis wote wa Ufaransa, na Aloysius ni jina hilo hilo kwa Kilatini. Hiyo hlud naipenda sana kwa sababu Kiswahili kinaibeba bila shida, ngoma inavuma na mtu naye anavuma, neno moja tu. Kwa hiyo Aloyce ni anayevuma vitani.

Sasa mcheki somo wangu, Mtakatifu Aloysius Gonzaga, ambaye kwao aliitwa Luigi. Kazaliwa 1568 Castiglione, kaskazini mwa Italia, mtoto wa kwanza wa mtawala, baba anataka awe mwanajeshi, yeye urithi wote kamwachia mdogo wake akaingia shirika la watawa Wakatoliki la Wajesuiti 1585, halafu tauni ilipoingia Roma 1591 akawa anabeba wagonjwa na kuwauguza mpaka ikampata na yeye, akafa 21 Juni ana miaka 23 tu. Vitani hakwenda kabisa jamani.

Mi nimezaliwa tarehe hiyo hiyo, ndo maana bibi akalichukua jina kwenye kalenda ya parokia. Alikuwa ananiita Aloisi, ile i ya mwisho anaivuta. Mwaka wake wa mwisho miguu ilikataa, kila asubuhi nambeba mgongoni namtoa nje apate jua, mkeka nimeshautandika karibu na mparachichi, na nikimshusha anashika kwanza bega langu mpaka akae vizuri, halafu ananiambia taratibu, "Asante Aloisi, somo wako amekuona."